Kiangazi nilicholea watoto wa watu kambini Maine, Marekani (uzi mrefu kidogo)

Mzigua wa Bara (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika Januari nakuta vijana humu wanaulizia kwenda Marekani kufanya kazi kwenye kambi za watoto wakati wa kiangazi. Majibu wanayopewa ni ya viza tu: fomu ipi, ubalozini wanauliza nini, posho kiasi gani. Kazi yenyewe hakuna anayeieleza. Mimi niliifanya mwaka 2014, nikiwa bado mwanafunzi wa ualimu, kwenye kambi ya wavulana kando ya ziwa katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani. Naipenda kazi ile mpaka leo, na inaniuma ninaposoma humu kwamba ni "kwenda kucheza na watoto wa wazungu".

Ni kazi ya kulea. Kaunsela (ndivyo wanavyomwita mlezi wa watoto kambini) anapewa bweni la mbao lenye watoto kama kumi, yeye na mwenzake mmoja, na analala humo humo. Anaamka nao, anakula nao, anawahimiza kupiga mswaki, anaamua ugomvi wa nani amechukua tochi ya nani. Mchana kila kaunsela ana somo lake. Wengine wanafundisha kupiga kasia, wengine upinde na mishale, wengine ufinyanzi. Mimi nilipewa mpira wa miguu. Lakini mpira ulikuwa saa chache tu za siku, bweni ndilo lilikuwa saa zote zilizobaki.

Nitaandika kwa vipande, naomba mnivumilie.

---

Mzigua wa Bara

Kabla watoto hawajafika kuna mafunzo. Msidhani ni semina ya kusinzia. Tulifundishwa huduma ya kwanza, namna ya kumchoma sindano ya dharura mtoto aliyezidiwa na mzio (kuna watoto ambao karanga moja tu inaweza kuwaua, na mimi nimetoka kwenye nyumba ambayo mboga haipikwi bila karanga), na sheria moja isiyo na mjadala: mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Ukitaka kumtuliza mtoto anayelia, mnakaa kwenye ngazi za bweni, watu wanawaona, hata kama hawasikii mnachosema. Natamani sheria hii ingebandikwa kwenye mlango wa kila shule ya bweni hapa kwetu.

Halafu kuna ziwa, na hapo ndipo nilipowavulia kofia. Kila mtoto anapimwa kuogelea siku ya kwanza, na matokeo yanaamua aishie sehemu gani ya maji. Ufukweni kuna ubao wenye vibati vya majina. Ukiingia majini unageuza kibati chako, ukitoka unakirudisha. Hakuna anayeogelea bila mwenzake. Kila baada ya dakika chache filimbi inalia, na kila wawili wanashikana mikono na kuinua juu mpaka wahesabiwe wote. Watoto wakishatoka na kibati kimoja kikaonekana hakijarudishwa, kambi nzima inasimama. Tulifanya mazoezi ya hilo mara nyingi: watu wazima wanashikana mikono, wanaingia majini kwa mstari, wanatembea huku wakipapasa chini kwa miguu. Mazoezi tu, lakini moyo unadunda.

Radi ikisikika, wote nje ya maji, na harudi mtu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watoto walikuwa wananung'unika sana. Waache wanung'unike.

Jioni kuna ukaguzi wa kupe. Maine ina kupe wadogo kama ufuta wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, ulioitwa hivyo kwa jina la mji wa Lyme, Connecticut, ulikotambuliwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kila siku: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Mtoto wa ng'ombe anaogeshwa josho, mtoto wa kambi anakaguliwa kwa tochi.

---

Bint wa Makorora

Mkuu tiririka, tupo. Ila swali: hawa wazazi wana moyo gani? Mtoto wa miaka minane unampeleka porini wiki nzima kwa watu usiowajua, na unalipia?

---

Mzigua wa Bara

Dada yangu, hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba kwao ni desturi ya vizazi. Wengi wa wazazi waliokuja kuleta watoto walikuwa wamelala kwenye mabweni hayo hayo, na walikuwa wanatafuta majina yao yaliyochongwa kwenye mbao za dari.

Kambi inayotajwa sana kuwa ya kwanza ni ya mwalimu mkuu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, mwaka 1861. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ndiyo vimeanza, wavulana wa shule yake wanataka kulala nje kama askari, akawatembeza kwa miguu mpaka pwani na kupiga kambi huko. Mwaka 1885 likaanza kundi lililokuja kuwa Camp Dudley, la vijana wa YMCA (chama cha vijana wa Kikristo), kule New York, na mpaka leo lipo. Maine nayo ilikuwa na kambi za wasichana mapema. Wohelo, kwenye ziwa Sebago, ni ya mwaka 1907.

Shule zao zinafungwa kuanzia Juni mpaka karibu na Septemba. Wazazi wako kazini. Mjini joto. Wenye uwezo wakawa wanapeleka watoto maziwani, na kwa wasio na uwezo ikaanzishwa misaada, kama ule mfuko wa New York uitwao Fresh Air Fund, wa tangu 1877. Kambi yetu nayo ilikuwa na nafasi za kufadhiliwa. Hilo mliweke akilini, nitalirudia.

Kuhusu moyo wa wazazi: nimewaona akina mama wakiendesha gari kutoka getini wakilia. Wana moyo kama wetu.

---

Mzigua wa Bara

Sasa usiku. Kama unafikiria kwenda, soma kipande hiki kuliko vyote.

Mchana mtoto hana nafasi ya kukumbuka kwao. Kuna mpira, mtumbwi, kelele, chakula. Taa zikizimwa ndipo inapomshika. Anaanza kusema tumbo linauma, na kweli linauma. Unampeleka zahanati ya kambi, nesi anampima, hana homa, mnarudi. Baada ya nusu saa anasema hawezi kupumua. Ukimwuliza unakumbuka nyumbani, anakataa, maana wenzake wanasikia. Simu hawana, kambi haziruhusu watoto kukaa na simu, na mimi nakubaliana nao kabisa: sauti ya mama saa ile inafungua mafuriko.

Wenzangu Wamarekani walikuwa na mbinu zao. Mimi nilikuwa na hadithi. Jioni ya kwanza niliwafundisha kwamba nikisema "Paukwa!" wao wanaitikia "Pakawa!" Wavulana wa Boston na New Jersey wanapiga "Pakawa!" mpaka bweni la jirani linauliza kuna nini. Nikaanza na Sungura na Fisi, kwa Kiingereza, ila sauti za wanyama nilitoa kama bibi yangu alivyozitoa. Na sikumaliza hadithi. Niliikata pale Fisi anapoingiza kichwa shimoni, nikasema tutaendelea kesho. Mtoto aliyekuwa anataka kurudi kwao usiku ule sasa ana sababu ya kuisubiri kesho. Nilikuwa nafanya hivyo kila usiku, kwa makusudi, na ilifanya kazi kuliko maneno yote ya kubembeleza.

Kulikuwa na wanaokojoa kitandani pia. Utaratibu wetu ulikuwa kimya kimya: mtoto anaondoka na wenzake kwenda kunywa chai, mmoja wetu anabaki nyuma "kufagia", shuka linafuliwa, kitanda kinatandikwa, na mtoto akirudi anakuta hakuna kilichotokea. Hatuulizi, hatusemi. Kuna mvulana aliyekuwa akinitazama usoni kila asubuhi kuona kama nitamsema. Siku alipoacha kunitazama nilijua ameniamini.

Na Jumapili walikuwa wanaandika barua kwa mkono. Barua ndiyo tiketi ya kuingilia chakula cha jioni, huna barua husogei. Wengine waliandika mistari mitatu. Mmoja aliandika kurasa nne kuhusu samaki mmoja.

---

Skauti Mstaafu (Nairobi)

Umenigusa ndugu. Mimi nilisaidia kambi za Skauti pale Rowallan, Kibra, miaka mingi, na hiyo ya tumbo kuuma usiku naijua vizuri sana. Ni mtoto yule yule, awe wa Boston au wa Kisumu. Sisi tulikuwa tunampa kazi: wewe ndiye mlinzi wa moto, usiku huu usizimike. Analala akiwa na cheo.

---

Mzigua wa Bara

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya mlinzi wa moto ningeijua mapema ningeitumia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nianzishe uzi.

Mwaka huo Ramadhani ilianza mwishoni mwa Juni na kuisha mwishoni mwa Julai, yaani katikati ya msimu wa kambi. Mkumbuke Maine iko kaskazini. Alfajiri inaingia baada kidogo ya saa tisa usiku, na jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Ni kama saa 17 za kufunga. Kwetu Handeni, mkoani Tanga, hazifiki 14. Na mimi mchana nafundisha mpira juani.

Mkuu wa kambi aliniuliza mapema anisaidieje. Tulipanga somo langu liwe asubuhi, na saa za jua kali nikae kivulini na darasa la bao (tulichimba mashimo kwenye mchanga wa ziwani, kete zetu kokoto, wakalipenda kupita kiasi). Jikoni kulikuwa na mama mpishi, mwenyeji wa kule kule. Alikuwa ananiachia daku kwenye friji, na karatasi juu yake. Sikuwahi kumwomba.

Kwenye bweni langu, kundi la Julai, alikuwamo mvulana wa miaka kumi na miwili kutoka Lewiston, mji wa viwanda vya zamani kwenye mto Androscoggin. Alikuja kwa nafasi ya ufadhili. Mweusi peke yake bwenini ukiniondoa mimi, mpole, mchezaji mzuri ajabu. Nilijua familia yake ni Wasomali, maana Lewiston ilianza kupokea Wasomali mwaka 2001 na sasa ni maelfu.

Kazi ya kaunsela ni kuhesabu vichwa. Ukitoka bwenini unahesabu, ukifika unahesabu, mkivuka barabara unahesabu. Mimi nikiwa na haraka huwa nahesabu kwa Kizigua, lugha ya kwetu Handeni, kwa sauti ya chini, ndivyo nilivyofundishwa kuhesabu mbuzi. Siku moja tumesimama foleni, nimefika wa sita, yule mvulana akageuka, akamalizia namba zilizobaki. Kwa Kizigua. Kisha akasema: bibi yangu anahesabu hivyo.

Wakuu, nilisahau nimefika wa ngapi. Ilibidi nianze upya.

---

Mdadisi Huru

Hapo mkuu samahani, umetupiga kamba. Msomali anayejua Kizigua, tena Marekani?

---

Mzigua wa Bara

Una haki ya kushangaa, lakini sikupigi kamba. Ni historia, na ni ya kwetu.

Karne ya 19 watu wengi walichukuliwa kutoka bara na pwani ya Tanganyika, Msumbiji na Malawi, wakauzwa utumwani Somalia kulima mashamba ya mto Shebelle. Wazigua walikuwa wengi miongoni mwao. Kundi kubwa lilitoroka likaenda kuishi bonde la mto Juba, kwenye misitu, na kule wakahifadhi lugha. Vita vya Somalia vilipoanza 1991 walikimbilia Kenya, kambi za Dadaab, baadaye Kakuma. Ndio hao wanaoitwa Wasomali Wabantu. Marekani ilikubali kupokea takriban 12,000, wakaanza kuwasili mwaka 2003, na baadhi yao wakahamia Lewiston.

Wengine walikuja kwetu. Anayeijua Handeni anaijua Chogo, makazi ya wakimbizi hao, na anajua kwamba serikali yetu iliwapa uraia. Mimi nimekua nikisikia habari za watu wa Chogo sokoni. Sikuwahi kufikiria kwamba ndugu zao ningewakuta kwenye foleni ya chakula Maine.

Yule mvulana alitaka kufunga. Umri wake bado hajalazimika, na kambini kuna kazi za nguvu, kwa hiyo halikuwa jambo la kuamua mimi wala mkuu wa kambi. Ofisi ilimpigia mama yake simu. Mama akasema afunge siku zisizo na mtumbwi wala kupanda mlima, akichoka afungue. Ikawa hivyo. Jioni tunakaa wawili kwenye ngazi za jikoni, jua linakataa kuzama, wenzetu wameshakula zamani, na yeye ananisimulia Lewiston: timu yao ya mtaani, shule, jinsi mama anavyofanya kazi usiku. Tende alituletea yule mpishi, alizinunua kwenye duka la Wasomali huko huko Lewiston.

Kuna kitu kidogo nataka makaunsela Waislamu wakijue. Kwenye moto wa kambi Wamarekani wanachoma pipi nyeupe laini, marshmallow, wanaibana na chokoleti kati ya biskuti. Ile pipi kwa kawaida ina jelatini ya nguruwe. Mtoto wangu alikuwa anakaa mbali na moto, na wenzake wakadhani anaringa. Tukaomba jikoni ndizi, tukazipasua, tukatia chokoleti, tukazichoma kwa maganda yake kwenye makaa. Wiki haikuisha nusu ya bweni wakawa wanataka ndizi.

Siku ya wazazi kutembelea, mama yake alikuja na bibi. Bibi mwenye shuka kubwa na fimbo, anatembea polepole kwenye majani ya misonobari. Mvulana akamwambia, ndiye huyu. Nikapiga goti nikamwamkia Kizigua. Alishika kichwa changu kwa mikono miwili, akaniuliza ukoo wangu, ukoo wa mama yangu, nimetoka upande gani wa Handeni. Maneno machache yalitupita, wao wana ya Kisomali na sisi tuna ya Kiswahili, lakini tulizungumza mpaka ratiba ya wageni ikaisha. Aliniuliza kama mvua zinanyesha. Babu na bibi zake waliondolewa huko zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa nguvu, na bado anaulizia mvua.

Sikuwa na la kumpa. Nilimwambia mjukuu wake anacheza namba nane vizuri, na usiku halii.

---

Bint wa Makorora

Nimelia hapa ofisini. Endelea.

---

Dereva wa Chalinze

Naomba radhi kwa kubadili mada, 2014 si ndiyo Kombe la Dunia Brazil? Mliona?

---

Mzigua wa Bara

Tuliona kiasi. Tarehe 1 Julai, Marekani na Ubelgiji, mkuu wa kambi alifunga ratiba akaweka runinga ukumbini. Watoto ambao wiki ile ile walikuwa wananiambia mpira ni mchezo wa kujaza muda walisimama juu ya viti kila Tim Howard, kipa wa Marekani, alipookoa. Walipofungwa 2–1 kwenye muda wa nyongeza, somo langu likajaa, kila mmoja anataka kuwa kipa.

Sikukuu yao ya tarehe 4 mvua ilitunyeshea. Kimbunga Arthur kilikuwa kinapita baharini, fataki zikaahirishwa. Tukapiga hadithi mchana kutwa.

Na kwa wanaofuatilia: Novemba 2015 sekondari ya Lewiston ilitwaa ubingwa wa jimbo wa mpira wa miguu, mara ya kwanza katika historia yake, kwa kikosi kilichojaa watoto wa wakimbizi. Yule wangu alikuwa bado mdogo, hakuwamo. Niliposoma habari ile nilimpigia kila mtu ninayemjua.

---

Mwanachuo Dodoma

Mkuu mimi ndiye nilikuwa naulizia viza juzi. Sasa nimeelewa. Maswali mawili: hela inalipa? Na kama sijui kuogelea?

---

Mzigua wa Bara

Hela: ni posho. Unalala bure, unakula bure, lakini ukigawa ile posho kwa saa unazokuwa na watoto utakata tamaa, kwa hiyo usiigawe. Ukiwa unatafuta mtaji, tafuta njia nyingine. Ukiwa unasomea ualimu, unesi au ustawi wa jamii, hutapata mahali pengine utakapojifunza kumsoma mtoto kwa kasi ile. Masharti ya viza yanabadilika mara kwa mara, soma tovuti ya ubalozi wenyewe na usimpe dalali shilingi yako. La msingi ni kwamba uwe umefikisha miaka 18, na kwamba ni ya msimu, haizidi miezi minne.

Kuogelea: sema ukweli kwenye fomu. Mimi nimekulia kwenye mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, nilijua kuelea na kupiga miguu tu. Niliandika hivyo hivyo, na wiki ya mafunzo walinifundisha. Aliyesema anajua na hajui ndiye wanayemwogopa. Kama Dodoma huna bwawa, anza sasa kutafuta mtu wa kukufundisha ukienda likizo, na ujifunze hadithi kumi za kwenu vizuri, na sauti zake zote. Ukishapata bweni lako, njoo hapa hapa uniulize kuhusu wiki ya kwanza, hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, nitakujibu.